Fisi wamo au hawamo? Ubishi juu ya The Lion King

Katuni ya The Lion King ilitoka mwaka 1994 chini ya waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff, na hadi leo watu wanaigombania. Sinema za 2019 na 2024 zimeuchochea ubishi upya. Kuna wanaosema inamfundisha mtoto asikimbie wajibu. Kuna wanaosema inamfundisha kwamba wengine wamezaliwa kutawala na wengine wamezaliwa kufukuzwa. Mimi huchambua filamu za watoto, na naona pande zote mbili zinasikiliza mno nyimbo na kuitazama picha kidogo. Ukitaka kuupima ubishi huu, wafuate fisi.

Anza na somo la Mufasa, mfalme wa simba. Anamweleza mwanawe, Simba, kwamba simba hula swala, lakini simba akifa mwili wake huwa majani, na swala huyala majani hayo: ndilo duara la uhai. Ni maelezo mazuri, hata mtoto wa miaka mitano anayashika. Ila yana pengo kubwa. Mzoga haujigeuzi majani. Wapo wanaoifanya kazi hiyo: tumbusi, funza, na zaidi ya wote fisi. Taya zake huvunja mfupa wa paja la nyumbu, na tumbo lake huusaga mfupa huo hata mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa, kwa wingi wa kalsiamu. Mnyama anayelizungusha duara la uhai kwa meno yake ndiye huyo filamu imemweka nje ya mpaka, kwenye makaburi ya tembo, mahali pa kivuli ambapo mtoto wa mfalme anakatazwa kukanyaga.

Watetezi hujibu kwamba kila hadithi inahitaji wabaya. Sikatai. Lakini filamu yenyewe imewapa fisi sababu, nayo ni njaa. Wanalalamika kwamba simba ndio wanaowabana, Scar, ndugu wa Mufasa anayeutaka ufalme, anawaahidi kwamba wakiwa naye hawatalala njaa tena, na papo hapo wanapiga gwaride mbele yake kwa mwendo wa askari wa Nazi. Wachoraji waliiga makusudi picha za mikutano ya Hitler. Tangu hapo njaa imegeuzwa uovu, na swali lao halijibiwi tena. Mwishoni wanamrarua Scar kisha wanapotea. Simamisha picha ya mwisho uwahesabu wanaoshangilia chini ya mwamba: pundamilia, twiga, tembo. Fisi hawamo.

Huko Marekani ukosoaji wa 1994 ulishika sauti. Whoopi Goldberg alikuwa sauti ya fisi Shenzi na Cheech Marin sauti ya fisi Banzai, na watazamaji wengi wakasikia humo lafudhi za Weusi na Walatino wa mitaa ya mijini. Sisi tunaosikia Kiswahili tuna la kuongeza, kwa sababu kwetu jina lenyewe linasema. Mshenzi ni neno ambalo waungwana wa pwani waliwaita watu wa bara na watumwa waliofika karibuni, kisha walowezi wakaliokota na kumtupia kila Mwafrika. Ndilo aliloitwa kiongozi wa wasio na ardhi. Mwendelezo wa 1998 ulikwenda mbali zaidi: simba waliofukuzwa wanaitwa Kovu, Nuka, Vitani na Zira. Mtoto wa Dodoma au Mombasa ameshamjua mbaya kabla hajafungua mdomo, wakati mtoto wa Chicago anasikia tu majina matamu ya Kiafrika. Hilo silihesabu kuwa jambo dogo.

Na fisi wa kweli je? Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliwachunguza Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, akakesha nao. Aliona kwamba wengi wao huwinda wenyewe chakula chao, na Ngorongoro mara nyingi fisi huangusha nyumbu usiku, simba wakasikia kelele, wakaja kunyang'anya. Asubuhi mgeni anafika na gari, anakuta simba wanakula na fisi wamekaa pembeni wakingoja, anaondoka akiamini fisi ni mdokozi. Filamu imerithi kosa la mgeni wa asubuhi. Watengenezaji wa filamu niwape pia haki yao: wamemfanya jike kuwa kiongozi, na katika ukoo wa fisi ndivyo ilivyo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya filamu ni mvua. Scar anatawala, nchi inakauka. Simba anashinda, mvua inanyesha papo hapo. Nyikani wanyama wa porini hufuata mvua, na mvua haimfuati mtu. Wapo wanaosema huu ni uzushi wa Hollywood. Si kweli, wazo hilo lipo hata kwetu. Kwa Wasambaa, mfalme wa ukoo wa Kilindi alihesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, lakini uwezo huo ulikuwa pia deni: mvua ikikosekana, lawama ilimwangukia yeye. Katika filamu deni hilo linadaiwa na Sarabi, mama yake Simba, anayemwambia Scar usoni kwamba wanyama wamehama na hapakaliki tena. Anapigwa anapomlinganisha na Mufasa. Anayetaka kuitetea filamu asimame na Sarabi kuliko Simba, maana ndiye anayempima mtawala kwa chakula badala ya nasaba. Masikitiko yangu ni kwamba filamu inamwacha hapo, damu ya mrithi ikamaliza kesi.

Pale inapozungumzia kifo, hata hivyo, sina ugomvi nayo. Mbio za nyumbu ambamo Mufasa anakufa ni kama dakika mbili na nusu tu kwenye skrini, na zilichukua zaidi ya miaka miwili kutengenezwa kwa kompyuta ili kila nyumbu akimbie bila kumpitia mwenzake. Halafu kelele zote zinakatika. Vumbi linatua. Mtoto anamvuta baba sikio, haamki. Anaita msaada, hakuna. Anajipenyeza chini ya mkono wake na kulala. Hakuna anayemdanganya kwamba baba amesafiri. Katuni chache za familia zimethubutu hivyo.

Mwalimu au mzazi anayetaka watoto wabishane wenyewe asiulize mwishoni "mmejifunza nini?" Atajibiwa "hakuna matata", kauli ambayo hadithi yenyewe inaikataa, kwani Simba anaiacha ili arudi nyumbani. Filamu ni ya dakika 88. Inatosha kuisimamisha mara tatu. Baada ya somo la Mufasa, uliza nani anaula mzoga. Wakati Sarabi anapigwa, uliza amekosa nini. Picha ya mwisho ikifika, gawa karatasi, waichore upya na kila mmoja aamue fisi wakae wapi. Wadogo chini ya miaka sita wape karatasi tu, maana kusimamisha mara kwa mara huwaudhi na wanapoteza mkondo wa hadithi.