Trei za mayai na sungura wa ngoma: dhana potofu kuhusu chumba cha kupimia masikio ya watoto

Rafiki yangu wa Kisauni, Mombasa, aliniita nione chumba alichotenga cha kupimia usikivu wa watoto wadogo. Kuta zote nne kazibandika trei za mayai, na rangi juu yake. "Humu husikii kitu," akaniambia. Tukafunga mlango, tukanyamaza. Tuktuk ikapita nje, tukaisikia mpaka gia ikibadilishwa.

Hiyo ndiyo dhana potofu niipatayo kila mahali: trei huzuia kelele. Haziizuii. Trei, sponji na mazulia hupunguza mwangwi wa ndani, na trei zenyewe kidogo tu. Kelele ya nje huzuiwa na uzito na kuziba: ukuta mnene, mlango mzito, na raba ya kuziba ule mwanya wa chini. Mwanya wa kidole kimoja huharibu kazi ya ukuta mzima. Ngurumo nzito, kama ya jenereta au lori la kontena liendalo bandarini, hupenya kuliko sauti nyembamba. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, chagua chumba cha nyuma, mbali na barabara, ngazi na foleni ya wagonjwa.

"Feni haina neno, tumeizoea." Wewe ndiye uliyeizoea. Mvumo wa feni na kiyoyozi humeza toni nzito za chini, za hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na 500, mtoto akaandikwa hasikii vizuri kumbe kosa ni la chumba. Ila kumfungia mtoto chumbani Januari ya Mombasa bila hewa nako ni kutafuta kilio. Mimi hupoza chumba kwanza, nikazima, nikapima kwa dakika chache, nikafungua tena. Saa ya adhana, nangoja imalizike.

"Piga makofi nyuma yake, akigeuka anasikia." Kofi lina sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, mtoto asiyeisikia "s" wala "f" bado atageuka. Tena huenda kageuzwa na kivuli chako, au asumini uliyovaa.

"Wa miezi minane hapimiki, ngoja aseme." Hapa ndipo watoto wanapopotezewa muda. Kuanzia kama miezi sita hadi miaka miwili na nusu hivi, mtoto hupimwa kwa kugeuza kichwa. Anakaa mapajani mwa mama. Kando yake kuna spika, na hapo hapo kisanduku chenye kioo cheusi. Sauti inatoka, akigeuka, taa inawaka ndani na sungura anapiga ngoma. Kabla ya hapo sungura asionekane hata sikio, la sivyo mtoto atakodolea kisanduku tu. Mpimaji wa pili hukaa mbele na mwanasesere asiyelia, amrudishe mtoto katikati. Mama naye huvalishwa hedfoni zenye muziki, kwani mama akisikia, mapaja husema: hushtuka kidogo, mtoto akajua.

Sauti ya spika iwe ya kuyumbayumba, ikipanda na kushuka kidogo kati ya nzito na nyembamba. Toni iliyonyooka hugonga kuta ikaacha sehemu zenye sauti kubwa na sehemu zilizofifia, mtoto akisogeza kichwa kidogo tu kipimo kinabadilika. Spika nazo hupimwa kwa pale kichwa cha mtoto kitakapokuwa. Bandika tepu sakafuni kwenye miguu ya kiti, na anayefagia aambiwe.

Walio chini ya miezi sita wana vipimo visivyongoja jibu lao: kidude kidogo sikioni kinachosikiliza mwangwi wa sikio la ndani, au waya za kichwani zinazosoma jibu la neva kwa sauti, mtoto akiwa amelala. Hao wanahitaji kitanda na mama wa kunyonyesha kuliko midoli.

"Mashine ya kupimia ni mpya, ya nini kuikagua?" Fundi aisawazishe kila mwaka, na kila asubuhi vaa hedfoni zake mwenyewe usikilize. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu hula plagi na nyaya kimyakimya.

Rafiki yangu kahamia stoo ya nyuma. Trei kaziacha palepale. Chumba kile sasa ni cha kungojea.