Usikimbilie kupiga Windows upya, kwanza jua kompyuta yako inaumwa nini

Laptopu ikianza kuwa nzito kidogo tu, au siku moja ikigoma kuwaka, ushauri wa kwanza mtu anaopewa mtaani ni huo huo, "hiyo piga Windows upya". Anaipeleka kwa fundi, inafomatiwa, inarudi nyepesi, wiki mbili tatu mbele ugonjwa uko pale pale na safari hii picha za harusi na ripoti ya utafiti ya mdogo wake hazipo tena. Sisi wa kitengo cha tehama hapa chuoni tunaletewa mashine za hivi mara kwa mara, za wanafunzi, za wazazi, za walimu wastaafu walionunua kompyuta ya kwanza ya nyumbani, na kinachouma ni kwamba mashine siku zote inatengenezeka ila yale mafaili ndo basi tena, na mara nyingi tatizo lenyewe lilikuwa la kumalizwa na mwenye kompyuta pale pale sebuleni kwake.

Kwahiyo kabla ya kugusa chochote, toa vitu vyako. Kama mashine inawaka, kopi nyaraka na picha kwenye diski ya nje (hard disk) au uzipandishe Google Drive, pale unapewa GB 15 za bure. Kama haiwaki bado usikate tamaa, Windows kugoma kufunguka haimaanishi mafaili yamekufa, fundi anaweza kuichomoa diski akaiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, au akawasha mashine kwa Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) iliyopo kwenye flashi na kukopi kila kitu. Mwambie hivyo mapema, kabla hajaanza kazi. Ila laptopu nyingi za Windows 11, hasa ukiwa umeingia na akaunti ya Microsoft, diski yake inakuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, bila hata wewe kujua, na siku ukifanyiwa marekebisho makubwa inakuomba funguo ya tarakimu 48. Hiyo funguo inakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia leo uiangalie, uiandike kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako, kwasababu bila hiyo hakuna fundi wa kukusaidia.

Tukija kwenye uzito. Watu wengi wakiona kompyuta nzito wanasema ina virusi, wakati sehemu kubwa ya uzito haina uhusiano na virusi kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, angalia safu tatu, CPU (prosesa), Memory (RAM, kumbukumbu ya muda) na Disk. Ukikuta Disk inakaa 100% muda wote hata ukiwa hujafungua kitu, na laptopu yako ni ya zamani yenye hadi diski ile ya kuzunguka, hapo umeshapata jibu, Windows za sasa zinaichosha mno hiyo diski, ukiweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utaona kama umenunua mashine nyingine, na ukiniuliza mimi hela ya matengenezo ya laptopu ya zamani iende huko kabla ya kwingine kote. Ukikuta Memory ndo imejaa na una RAM ya GB 4, basi punguza tabo za brauza na uongeze RAM kama mashine inaruhusu. Humo humo kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, ni orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila ukiwasha kompyuta, zima zile usizozihitaji, hazifutiki, zinaacha tu kujiwasha.

Na usisahau vumbi. Feni ikipiga kelele muda wote na chini pakachoma mapaja, mashine inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, hapo hata upige Windows mara kumi haitasaidia kitu, inatakiwa kufunguliwa, kusafishwa feni na kubadilishwa ile pesti ya juu ya prosesa.

Kuna dalili moja tu ya kukufanya uizime mashine haraka, ni diski kutoa mlio wa tik tik tik au mafaili kuanza kugoma kufunguka moja baada ya jingine. Hiyo diski inakufa. Usiifanyie skani, usiifomati, usiendelee kuifanyia kazi, toa mafaili kwanza ukianza na yale ya muhimu kabisa. Programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo inakuonyesha hali ya diski, ikiandika Good uko sawa, ikiandika Caution anza kutafuta diski nyingine wiki hiyo hiyo.

Sasa virusi vya flashi. Mwanafunzi ametoka steshenari kuprinti, anachomeka flashi yake nyumbani anakuta folda zote zimegeuka shotikati (njia ya mkato ya kufungulia kitu), zina kimshale kidogo kwenye kona, na ukubwa ni KB chache tu. Anaambiwa flashi imeharibika, fomati. Hapana jamani, mafaili yako yamo humo humo, kirusi kimeyaficha tu na kuweka zile shotikati za jina lile lile ili ukibofya ukiwashe wewe mwenyewe kwa mkono wako. Usibofye hata moja. Skani flashi kwanza na Windows Security, ulinzi uliomo ndani ya Windows, afu nenda Start, andika cmd, bofya kulia uchague Run as administrator. Angalia flashi yako imepewa herufi gani, tuseme ni E, kisha andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, kama mafaili ni mengi itachukua muda. Unachofanya hapo ni kuondoa zile alama za kufichwa ambazo kirusi kimeziweka kwenye kila faili na folda. Ukifungua flashi utayaona mafaili yako yamerudi, shotikati zote unazifuta. Kuna virusi vingine vinahamishia vitu vyote kwenye folda moja isiyo na jina, ukiiona hiyo ingia ndani, vitu vyako viko humo. Folda inayoitwa System Volume Information iache, hiyo ni ya Windows yenyewe.

Watu wengi wakifika hapo wanafurahi wanaondoka, kesho wakichomeka tena flashi shotikati zimerudi. Hiyo inamaanisha kompyuta yako yenyewe imeshaambukizwa, kuna kaskripti kamejificha kanajiwasha kila ukiwasha mashine na kila flashi ikiingia kanaiandikia upya. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka na kufanya skani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi, na hapo kirusi kinakuwa hakijapata nafasi ya kujilinda. Hii Defender ni antivirasi ya bure, imo ndani ya Windows 10 na 11, na kwa kompyuta ya nyumbani inatosha kabisa ikiwa imewashwa na ina apdeti. Kuweka antivirasi mbili tatu juu yake kunaleta uzito na mvutano tu, na antivirasi ya majaribio iliyoisha muda iondoe.

Ila Defender haina msaada kama mwenyewe unaizima, na hapa ndo nataka tuongee vizuri. Kila krak (programu iliyovunjwa ulinzi ili itumike bila kulipia) ya Office, ya Photoshop, ya idm ya kupakulia mafaili, kila aktiveta ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, maelekezo yake ya kwanza ni "zima antivirasi". Mtu anazima, anabofya, programu inafunguka, anafurahi, na hajui kilichoingia pamoja nayo. Mwaka 2021 watafiti wa usalama waliripoti nakala za KMSpico, moja ya hizo aktiveta, zilizokuja na programu ya kuiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Kibaya zaidi ni familia ya virusi inayoitwa STOP au Djvu, hiyo imesambaa kwa miaka mingi hasa kupitia krak, na inapiga watu wa kawaida wa nyumbani. Unaamka asubuhi kila picha na kila nyaraka imeongezewa herufi ngeni mwishoni, haifunguki, na kila folda ina faili linaitwa _readme.txt linalokuambia ulipe dola 980, ukiwahi ndani ya masaa 72 utapunguziwa nusu. Usilipe kwa pupa, hao ni wahalifu na hakuna wa kukuhakikishia watakupa funguo. Chomoa intaneti, tunza mafaili hayo kama yalivyo, halafu kwa kompyuta nyingine salama ingia kwenye mradi wa No More Ransom ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, wanatoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi vya aina hii. Ni baadhi tu, kwa vingine vingi bila bakapu (nakala ya akiba) imekula kwako.

Na kinachosikitisha mara nyingi krak yenyewe haikuhitajika. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja mbele zina funguo halali ya Windows imehifadhiwa ndani ya mazabodi (bodi kuu ya mashine), ukipakua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe na kuiweka toleo lile lile la mwanzo inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Tatizo laptopu imekuja na toleo la Home, fundi anaweka la Pro kwasababu ndo ilikuwepo kwenye flashi yake, haikubali funguo, basi anapiga aktiveta. Angalia kwenye Settings, System, About, uandike toleo lako kabla ya kuipeleka kokote. Kwa Office nako, LibreOffice ni ya bure, inafungua na kuhifadhi docx na xlsx, kwa barua, CV na hesabu za kikundi inatosha.

Kuhusu apdeti naelewa kilio cha bando, watu wanazima apdeti kwasababu zinakula MB. Lakini kumbuka WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili, ile ya tarehe 12 Mei 2017 iliyopiga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150 hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha huduma za wagonjwa. Microsoft walishatoa dawa ya lile tundu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, waliopigwa walikuwa hawajaiweka. Apdeti kubwa za usalama zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwahiyo unaweza kujipanga, weka mtandao wako kama metered (yaani wa kupimiwa) kwenye Settings ili isile bando hovyo, afu mara moja kwa mwezi ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni au na bando la usiku unaiachia ishushe zote.

Wenye Windows 10, na ni wengi sana maana laptopu za mtumba tunazouziwa nyingi ni za prosesa ambazo Windows 11 haizikubali, msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft waliweka mpango wa apdeti za ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unajiunga kwenye Windows Update ukiwa na akaunti ya Microsoft, na kuna njia ya kujiunga bila kulipa kwa kuruhusu bakapu ya mipangilio yako. Baada ya hapo, mashine isiyoweza Windows 11 iwekee Linux Mint, inaenda vizuri hata na RAM ya GB 4 na kwa anayetumia brauza na kuandika tu atazoea haraka. Ukienda kununua mtumba sasa hivi, uliza kabisa kama inakubali Windows 11 rasmi, kwa Intel anzia kizazi cha nane.

Vitu viwili vidogo vinavyowatisha wanaoanza. Kwanza ile meseji inayoruka kwenye kona ya chini, "kompyuta yako ina virusi vitano, bofya hapa". Mara nyingi sio kirusi, kuna tovuti uliibofyea Allow bila kujua, ingia kwenye Settings za brauza, tafuta Notifications, ondoa tovuti zote usizozijua, imeisha. Ikija ukurasa mzima wenye namba ya simu ya kupiga, funga brauza, usipige, na usiruhusu mtu usiyemjua aingie kwenye mashine yako kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Pili, kompyuta ikisema kila tovuti sio salama, angalia saa na tarehe. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma rekebisha, ikirudi tena kila ukizima, kile kibetri cha CR2032 ndani kimekwisha, kinauzwa bei ya kawaida tu kwenye maduka ya saa.

Umeme nao. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika) kwa umeme wetu huu ni kuitesa diski. Ukikatika chomoa plagi, ukirudi subiri dakika chache utulie ndo uchomeke, kwa laptopu pia.

Bakapu iwe nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja iwe nje ya nyumba au mtandaoni, na diski ya bakapu ukimaliza kukopi ichomoe, kwasababu ikibaki imechomekwa siku kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kitaifunga na yenyewe. Paswedi ya barua pepe iwe ya peke yake, na washa uthibitisho wa hatua mbili, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha paswedi za kila kitu kingine.

Na ikibidi kweli kupiga Windows upya, kuna siku inabidi, nenda kwa fundi ukiwa umeshatoa mafaili, umeandika toleo lako, una funguo ya BitLocker na umetoka kwenye akaunti zako kwenye brauza. Mwambie unataka Windows ya Microsoft wenyewe bila aktiveta, kisha kabla hujalipa fungua Windows Security pale pale mbele yake uone Defender imewashwa, na kwenye Settings, Activation pawe pameandika Active.