Taa ikiwaka, kazi bado

Nilifanya wayaringi miaka sita bila leseni, kwa hiyo vijana wanaponiuliza "kaka, muhuri wa mkandarasi wa umeme unapatikanaje?" sina uso wa kuwahubiria. Mimi muhuri nilikuwa naununua. Nikimaliza nyumba Tabata au Kinyerezi, nampelekea mkandarasi mmoja fomu ya kuombea umeme, namlipa, anagonga bila hata kuuliza ina vyumba vingapi. LUKU inafungwa, taa zinawaka, nachukua changu.

Siku moja mama mmoja wa Mbezi akapiga simu. "Fundi, bomba la bafuni linapiga shoti."

Nilikuwa nimemfungia shawa ya maji moto, na arthi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, niliweka. Rodi yake, ile nondo inayozama ardhini, niliipigilia mwenyewe nje ya ukuta. Nikaazima kipimo. Ile rodi, kwenye mchanga mkavu, ilisoma zaidi ya omu 100, yaani umeme unapita kwa shida kuingia ardhini. Piga hesabu: volti 230 ukigawa kwa 100 unapata ampia 2.3. Saketi breka ya ampia 32 hata haijui kama kuna kitu kinavuja. Imetulia tu, na bomba lina umeme, linamsubiri mtu aliyelowa. Iliyokosekana ni RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30 tu. Nilijua kuunganisha. Kupima sikujua, na muhuri ni kiapo kwamba umepima.

Nikarudi darasani, chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe. Aliyejifunzia mtaani kama mimi asikate tamaa: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima unachokijua, wanakuziba mapengo, unapata cheti. Wenye diploma ya umeme, mathalani ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wana njia yao. Ila cheti peke yake hakikuruhusu kusaini nyumba ya mtu. Ruhusa ni leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji inayosimamia kazi hizi chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Maombi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wao wa LOIS, pamoja na vyeti vyako na maelezo ya uzoefu. Leseni zina madaraja, A ikiwa ya juu kabisa, na daraja ndilo linaloamua umeme wa ukubwa gani uko ndani ya mipaka yako. Anayefanya nyumba za kawaida za fezi moja asikimbilie daraja kubwa kwa ajili ya sifa. Na leseni ina muda wake, usisubiri iishe ndiyo ukumbuke kuihuisha.

Hela ya kwanza utakayoipata, usinunue drili. Nunua mega, kipimo cha nyaya. Hiyo inasukuma volti 500 kwenye nyaya kabla TANESCO hawajaleta umeme, inakuonyesha kama ngozi ya waya ni nzima. Kila saketi isome angalau megaomu 1. Nyaya mpya nzima husoma mamia. (Waya wa bei ya kutupa kule Kariakoo ni mada nyingine, inanipandisha presha.)

Mwaka jana, Goba, saketi ya taa za vyumbani ilisoma megaomu 0.1. Nikatoa balbu zote, nikafungua boksi moja baada ya jingine, nikitenganisha kipande kwa kipande, hadi chumba cha watoto. Fundi jipsamu alikuwa amepiga skurubu ikapita katikati ya waya: ncha imekwaruza wa moto, ubavu umegusa wa arthi. Kidonda chenyewe hakizidi punje ya mchele. Zile taa zingewaka vizuri kabisa.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, fomu mkononi. "Fundi, wenzako wanagonga hapo hapo."

Nikamwomba ngazi. Muhuri niligonga siku ya tatu.