Umemruhusu Binti Skauti, Jumamosi Je, Umempa?

Kila muhula unapoanza napokea fomu za wazazi zilizosainiwa vizuri kabisa: namruhusu mwanangu kujiunga na skauti. Baada ya wiki chache wasichana wanaanza kupungua mmoja mmoja. Nikiuliza naambiwa binti "ameshachoka nayo." Mimi ni kiongozi wa skauti hapa Mbeya, na nimejifunza kutolikubali jibu hilo mpaka niijue kwanza Jumamosi ya huyo mtoto.

Chukulia binti wa darasa la sita pale Uyole. Anaamka anafagia uwanja, anafua nguo zake na za wadogo zake, anabandika maharage, anakwenda mashineni kusaga, akirudi anapewa mtoto abebe kwa sababu mama yuko sokoni. Kikao chetu ni saa nane. Yeye anafika saa tisa na nusu, anahema. Hakuna aliyemkataza, na baba yake ukimuuliza atakuambia kwa moyo mweupe kwamba yeye alisharuhusu.

Kuchelewa huko kunaumiza skauti kuliko kunavyoumiza klabu nyingine, na sababu yake ni hii. Hatufundishi watoto hamsini wakiwa wamekaa kwenye mistari. Tunawagawa kwenye vikundi vidogo vya watoto sita hadi wanane, kila kikundi na kiongozi wake mtoto, na kila mmoja na kazi yake: huyu kamba, huyu moto, huyu huduma ya kwanza, huyu anaandika. Anayefika saa tisa na nusu anakuta kazi zimeshagawanywa. Anasimama pembeni akitazama wenzake. Wiki ya pili hivyo hivyo, na ya tatu haji.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na wazazi, sianzi na sare wala kambi, naanza na ratiba ya nyumbani. Nguo zifuliwe Ijumaa jioni. Maharage yalowekwe Ijumaa usiku, asubuhi yataiva mapema na kuni zitapungua. Mashineni aende kaka yake, kwani debe la mahindi halichagui kichwa. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, wa kiume nikimtuma mashineni wenzake watamcheka." Nilimjibu kwamba kwenye kambi zetu wavulana wanapika, wanaosha masufuria, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuchekwa.

Baba nao wana neno lao: skauti ni mambo ya wavulana, ni kama mgambo. Baden-Powell alianzisha skauti mwaka 1907 kwa ajili ya wavulana, ni kweli. Lakini mwaka 1909, kwenye mkutano mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza wenyewe wamevaa kofia za skauti bila kualikwa, na mwaka uliofuata wakaanzishiwa chama chao, Girl Guides. Hapa kwetu leo mzazi ana njia mbili: Girl Guides ambako ni wasichana pekee, au skauti ambako wanachanganyika na wavulana. Kama roho yako inatulia zaidi binti akiwa na wasichana wenzake, mpeleke huko. Na yule binti unayemwona akimvisha skafu mgeni rasmi siku ya Mwenge, ujue nyuma yake kuna mzazi aliyepanga upya kazi za nyumbani.

Suala la kulala nje ni zito zaidi, na sitaki kulipitia juu juu. Nashangaa kidogo, maana familia ile ile iliyomruhusu binti kwenda na kwaya ya vijana Kyela wakalala siku mbili, inasema kambi ya skauti haiwezekani. Kwaya wanaijua, mwalimu wa kwaya ni jirani yao. Basi utujue na sisi pia. Njoo kikaoni, simama pale, uliza bila aibu: viongozi wa kike ni wangapi na watalala wapi? Wasichana wana hema lao mbali na la wavulana? Choo kiko umbali gani na njia ina taa? Kanuni ya mtu mzima kutobaki peke yake na mtoto mmoja faraghani inafuatwa? Mtoto akiumwa usiku kuna gari? Kiongozi anayekasirika kwa maswali hayo, binti yako usimpe.

Halafu begi. Wanaotoka nje ya nyanda za juu hawaelewi baridi ya huku. Juni na Julai, kule Kitulo na Makete, umande huganda usiku ukaamka asubuhi majani ni meupe. Blanketi moja jepesi halitoshi. Sweta mbili za mitumba kutoka Mwanjelwa zina faida kuliko sare mpya, soksi nzito za kulalia, na kipande cha turubai cha kutandika chini, kwa sababu baridi mbaya ya kambini hutoka ardhini.

Na pedi. Wekeni hata kama bado hajaanza, umri wa darasa la sita au la saba hauna taarifa. Kama nyumbani anatumia za kitambaa, kwa siku za kambi mnunulieni za kutupa. Kitambaa kinataka jua, na Tukuyu mvua haina likizo. Zaidi ya hapo, kambini binti ataona aibu kuanika, atakificha ndani ya begi kikiwa kibichi na kukivaa hivyo hivyo. Mama, shangazi, dada mkubwa, yeyote aliye karibu naye, aongee naye kabla hajapanda gari, na amwambie kiongozi gani wa kike wa kumfuata.

Jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii ni kumpa nafasi ya kutumia nyumbani alichojifunza. Nimeona babu mmoja kule Rungwe akimwachia mjukuu wake afunge ndama. Binti alipitisha kamba shingoni, akatengeneza kitanzi kidogo, ncha ikapanda ndani yake, ikazunguka nyuma ya kamba kuu, ikashuka tena kitanzini. Akavuta. Babu naye akavuta kwa nguvu, kitanzi hakikukaza shingo ya ndama hata kidogo. Tangu siku hiyo kazi ya kufunga ng'ombe pale nyumbani ni ya yule binti, na wajomba zake wanamuuliza.

Sare isiwazuie. Fundi wa mtaani anaweza kushona, mtoto anaweza kuanza na skafu tu, na ahadi ya skauti haimtaki abadili dini wala avue hijabu.

Fomu ya kambi irudi kabla ya siku ya safari, ikiwa na namba mbili za simu. Kama baba yuko machimboni Chunya na mtandao ni wa kubahatisha, namba ya pili iwe ya mtu anayepokea simu hata saa nane usiku. Andikeni pia dawa anazotumia na chakula kinachomdhuru. Andikeni ukweli, tafadhali, hasa pumu, maana baridi ya huku huichokoza.