Dhana Potofu Kuhusu Poti ya Siriali ya Raspberry Pi

Wateja wanaoniletea Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyogoma kusoma mita ya umeme au kipokezi cha GPS karibu wote huwa wamekwisha kutoa hukumu: poti ya siriali, inayopitisha data biti moja baada ya nyingine, imeungua, inahitajika bodi nyingine. Mara nyingi poti huwa nzima, na kilichowaponza ni imani moja iliyopitwa na wakati, kwamba /dev/ttyAMA0, jina la poti ndani ya Linux, ndiyo poti ya pini za GPIO (pini za kuunganishia vifaa vya nje) namba 14 na 15 kwenye kila bodi.

Imani hiyo ilikuwa sahihi hadi mwaka 2016, ilipotoka Raspberry Pi 3. Modeli hiyo ilikuja na Bluetooth ndani ya bodi, na UART (sakiti inayoendesha poti ya siriali) iliyo kamili, yaani PL011, ikapewa Bluetooth, huku pini zikiachiwa UART ndogo ambayo Linux huiita /dev/ttyS0. Mpangilio huohuo uko kwenye Zero W na Pi 4. Anayeandika ttyAMA0 katika programu yake kwenye bodi hizo anaongea na Bluetooth, na mita aliyoiunganisha kwenye pini haiwezi kusikia chochote. Tumia /dev/serial0, na kabla ya kulaumu bodi andika ls -l /dev/serial* uone jina hilo linaelekezwa wapi. Kwenye Pi 5 ukaguzi huo ni wa lazima, kwa sababu huko serial0 kwa kawaida huelekezwa kwenye kiunganishi kidogo cha pini tatu, ttyAMA10, na pini za GPIO 14 na 15 zikishawezeshwa ndizo ttyAMA0.

Wengine wakishagundua ttyS0 huona kazi imekwisha, nao wanakosea. Kasi ya UART ndogo hutegemea saa ya kiini cha VPU, yaani kichakataji cha video, na saa hiyo ikibadilika herufi huvurugika; ndiyo sababu mstari wa enable_uart=1 kwenye faili ya mipangilio, config.txt, huifunga saa hiyo isipande wala kushuka. Zaidi ya hayo, UART ndogo haina pariti, yaani biti ya kukagua makosa, kabisa, ilhali Modbus RTU, itifaki ya kuzungumza na mita, huchukulia pariti shufwa kuwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo mita iliyopangwa hivyo haitasomeka hata ukibadilisha nyaya mchana kutwa. Ongeza dtoverlay=disable-bt kwenye /boot/firmware/config.txt, au /boot/config.txt kwa mifumo iliyotangulia toleo la Bookworm, kisha washa bodi upya, na PL011 itarudi kwenye pini. Bodi ya kusoma mita haina haja ya Bluetooth, na mimi huizima bila mjadala.

Kuwasha siriali ndani ya raspi-config, zana ya mipangilio ya bodi, pia hakutoshi ukijibu ndiyo kwa kila swali. Swali la kwanza, la kuingia kwenye mfumo kupitia siriali, lijibiwe hapana. La pili, la kuwezesha poti yenyewe, lijibiwe ndiyo. Vinginevyo console=serial0,115200 hubaki kwenye cmdline.txt, faili ya maagizo kwa kerneli (kiini cha Linux), na kila bodi inapowaka kerneli humimina ujumbe wake kwenye kifaa chako, kisha getty, programu inayosubiri mtu aingie kwenye mfumo, hunyakua sehemu ya majibu kabla programu yako haijayaona.

Kuhusu umeme sina subira. Pini hizo ni za volti 3.3 na hazivumilii 5, sembuse RS-232, aina ya siriali ya volti kubwa, inayoweza kufika volti 15 chanya na hasi. Weka MAX3232, chipu ya kubadili volti, katikati, uilishe volti 3.3, na usisahau kuunganisha waya wa ethi.

Ruhusa ikikataliwa, chmod 777 si dawa, kwa kuwa faili za /dev huundwa upya kila bodi inapowaka. Mwingize mtumiaji kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya poti za siriali, kisha atoke na kuingia tena. Nao wanaotumia vigeuzi vya USB kwenda siriali wasitegemee ttyUSB0, ambayo inaweza kuwa ttyUSB1 vigeuzi viwili vikichomekwa kwa mpangilio tofauti. Jina lililo chini ya /dev/serial/by-id hufuata kigeuzi chenyewe, mradi kina namba yake ya utambulisho.