Tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa nguvu za kiume ni nini?

Mwanamume wa Kampala aliyepungukiwa nguvu za kiume hakosi washauri. Muuza mulondo atamwambia atafune mzizi, redio itamtajia mganga, na simu yake itamletea tangazo la mashine ya mawimbi ya mshtuko. Hii ya tatu ina sayansi ndani yake, ila matangazo yameitangulia mbali sayansi yenyewe.

Mshtuko huo si umeme. Ni mawimbi ya sauti yenye msukumo mkali, ya jamii ileile iliyoanza kuvunja mawe ya figo mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Kwa uume, nguvu hupunguzwa sana ili isijeruhi. Mgonjwa hulala chali, hupakwa jeli, kisha kichwa cha mashine huhamishwa hatua kwa hatua kikigonga ta-ta-ta. Ganzi haihitajiki. Katika utafiti wa mwanzo, uliofanyika Haifa, Israeli, na kuchapishwa 2010, wanaume 20 walipigwa mawimbi 1,500 kila kikao, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu. Wakapumzika wiki tatu, wakarudia tena.

Uume husimama kwa kujaa damu. Kisukari, presha na sigara huharibu mishipa inayoileta. Wataalamu wanadhani kwamba kugonga kule kwepesi huuchochea mwili kutoa kemikali zinazootesha mishipa midogo mipya. Sehemu kubwa ya ushahidi wa hilo imetoka kwa wanyama wa maabara.

Basi anayeweza kufaidika ni yule ambaye shida yake ni mishipa ya damu, tena haijawa kubwa. Aliyekatwa neva kwenye upasuaji wa tezi dume, au ambaye tatizo lake ni mawazo na ugomvi wa nyumbani, hana sababu ya kutarajia mengi. Hata kwa wanaofaa, tafiti zimetoa majibu yanayopishana. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, kiliiweka tiba hii katika kundi la majaribio. Wenzao wa Ulaya wanairuhusu kwa tahadhari.

Jambo jingine ambalo matangazo hulipita kimya: mashine si za aina moja. Zipo zinazolenga mawimbi hadi ndani, na zipo za kukanda misuli, ambazo msukumo wake hutawanyika tu karibu na ngozi. Hizo za pili ni za bei nafuu, na ndizo kliniki nyingi duniani hupenda kununua. Uliza ni ipi kabla hujatoa pesa.

Na kabla ya hapo, pima sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Kuna wanaume ambao uume ulianza kulegea miaka kadhaa kabla kifua hakijawauma.