Kwa nini mgombea atoe dola 20 ili achangiwe dola 1?

Mwezi Julai 2023 Doug Burgum, wakati huo gavana wa North Dakota aliyekuwa akiomba kuteuliwa na chama cha Republican kuwania urais wa Marekani, alitangaza kwamba watu 50,000 watakaomchangia angalau dola 1 watapewa kadi ya zawadi yenye thamani ya dola 20. Kwa hesabu ya mfanyabiashara hiyo ni hasara tupu. Hata hivyo chama kilikuwa kimeweka sharti kwamba anayetaka kushiriki mdahalo wa kwanza, uliofanyika Milwaukee tarehe 23 Agosti, awe na wachangiaji wasiopungua 40,000, wakiwemo 200 kutoka kila jimbo katika majimbo yasiyopungua 20, mbali na kufikia kiwango kilichowekwa katika uchunguzi wa maoni ya wapiga kura. Burgum, aliyetajirika kwa biashara ya programu za kompyuta, hakupungukiwa na fedha bali na watu; akawapata, na jukwaani akapanda.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini kampeni yenye ushindani mkali haichoki kuomba kidogo kidogo. Kwa uchaguzi wa 2024 sheria ya shirikisho ilimruhusu mtu mmoja kumpa mgombea mmoja dola 3,300 tu kwa kila uchaguzi, ule wa mchujo wa kumpata mgombea wa chama ukihesabiwa peke yake na ule mkuu peke yake. Aliyetoa zote kwa mkupuo hawezi kuombwa tena kwa uchaguzi huo, ilhali aliyetoa dola 25 anaweza kurudiwa mara nyingi kabla hajagusa kikomo, na kila anapotoa huzidi kujiona mwenye hisa katika ushindi. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayejitolea kubisha hodi mlango kwa mlango, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko dola zake.

Na zile tarehe za mwisho zinazotajwa katika maombi ya michango? Si zote ni hila. Wagombea wa Bunge la Congress huwasilisha kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho hesabu zinazofungwa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, nazo huwekwa hadharani. Wachangiaji wakubwa na wapinzani huzisoma kama kipimo cha nguvu, ndiyo maana maombi hufurika siku chache kabla ya kufungwa.

Ahadi ya kutiliwa shaka ni ile isemayo kwamba mchango wako utaongezwa mara tano na mfadhili fulani. Mfadhili huyo naye anabanwa na kikomo kilekile, hivyo akishatoa dola 3,300 kwa mgombea huyo hana tena cha kuongezea kihalali katika uchaguzi huo, hata wakichanga watu elfu kumi.